Kazi nne za sahani za karatasi za kufanya na watoto nyumbani

Na Mwandishi Wetu

MVUA za masika zinaponyesha, kati ya Machi na Mei, uwanja wa watoto kuchezea huwa wa kwanza kupotea. Katika maeneo ya Tandale, Mbagala, Tandika na Yombo, ambako vichochoro hujaa maji na mitaro hufurika, mzazi mwangalifu hamruhusu mtoto kutoka nje. Matokeo yake ni watoto watatu au wanne kubanana siku nzima katika chumba kimoja cha kupanga, karibu na jiko la mkaa, wakigombea rimoti ya televisheni.

Sahani za karatasi, zile zinazotumika katika sherehe za ubatizo na siku za kuzaliwa, zinaweza kuigeuza siku kama hiyo kuwa ya manufaa. Anayezikosa anaweza kukata duara kutoka katika boksi la biskuti au la sabuni kwa kufuatisha ukingo wa bakuli. Mbali na kumtuliza mtoto, kazi ya kukata, kukunja na kupaka rangi huimarisha vidole ambavyo kesho vitashika penseli.

Maandalizi

Vifaa vinavyohitajika ni sahani, mkasi usio na ncha kali, uzi, kifungo cha shati, gundi na rangi.

Gundi haina haja ya kununuliwa. Koroga vijiko vitatu vya unga wa ngano katika kikombe kimoja cha maji baridi hadi madonge yaishe, kisha chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga hadi uwe uji mzito. Uache upoe kabla ya kumkabidhi mtoto. Chumvi kidogo huuchelewesha kuchacha.

Rangi nazo zinapatikana jikoni. Manjano ya kupikia hutoa rangi ya njano, choya iliyochemshwa hutoa wekundu unaoelekea zambarau, na mkaa uliosagwa hutoa nyeusi. Mtoto avae nguo kuukuu, kwani madoa ya manjano hayatoki kirahisi.

Kabla ya kuanza, dondosha tone la maji juu ya sahani. Likinyonywa, sahani itashika rangi. Likibaki limesimama kama shanga, sahani imepakwa nta au plastiki. Geuza upande wa nyuma, au bandika vipande vya magazeti yenye picha badala ya kupaka rangi.

1. Samaki

Hii ndiyo kazi nyepesi kuliko zote na inamfaa hata mtoto wa miaka minne. Kata pembetatu moja kutoka ukingoni kuelekea katikati ya sahani. Pengo linalobaki ndilo mdomo. Pembetatu iliyokatwa haitupwi. Igundishe upande wa pili, ncha yake ikielekea kwenye sahani, nayo itakuwa mkia. Mtoto achore jicho, kisha abandike vipande vidogo vya karatasi vikipandana kama magamba, akianzia mkiani kuelekea kichwani.

2. Kayamba

Weka punje za mahindi au choroko katika sahani moja, ifunike kwa nyingine, kisha gundisha kingo zote kwa gundi nzito. Ikikauka, toboa matundu pembeni na ushone kwa uzi ili isifumuke. Kayamba halisi la Pwani hutengenezwa kwa matete na kujazwa mbegu, na sauti yake hutokana na mbegu kuteleza kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mtoto ajaribu punje chache, kisha nyingi, asikie tofauti. Mwenye umri chini ya miaka mitatu asiachiwe punje, kwani zinaweza kumpalia.

3. Picha ya Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 akitumia vibao vya dari na rangi za baiskeli. Alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaendelezwa na wachoraji wengi hadi leo, wakiwamo wa Oysterbay, Wilaya ya Kinondoni.

Mtindo huo unafaa kwa mtoto kwa sababu hatua zake ni wazi. Kwanza paka sahani nzima rangi moja na uiache ikauke. Pili, chora mnyama mmoja mkubwa anayeijaza sahani. Tatu, mpambe kwa madoa ukitumia ncha ya njiti ya kiberiti iliyokwisha kutumika.

4. Saa ya Kiswahili

Kazi hii inahitaji subira zaidi, na inamfaa mtoto aliyeanza shule. Wengi hukutana na fumbo hili: mshale mfupi umeelekea namba 7, lakini mama anasema ni saa moja asubuhi.

Sababu ni kwamba Waswahili huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza. Kwa kuwa Dar es Salaam haiko mbali na Ikweta, muda wa kuchomoza kwa jua hutofautiana kwa chini ya saa moja mwaka mzima. Namba za saa ya ukutani hufuata hesabu inayoanzia usiku wa manane. Tofauti ni saa sita, na katika duara lenye namba 12, kusogea sita ni kufika upande wa pili kabisa.

Andika 12 juu na 6 chini, kisha 3 kulia na 9 kushoto, halafu jaza namba mbili katika kila nafasi iliyobaki. Kata mishale miwili ya boksi, mrefu na mfupi. Mshale mfupi uwe na mkia mwekundu unaovuka katikati ya sahani. Ifunge yote kwa kifungo na uzi, bila kukaza sana ili izunguke.

Mshale mfupi ukielekea 7, mkia mwekundu utaonyesha 1: saa moja. Ukielekea 12, mkia utaonyesha 6: saa sita. Dakika hazibadiliki, mshale mrefu husomwa kama kawaida. Muulize mtoto aonyeshe saa ya kwenda shule na saa ya kulala.

Baada ya kazi

Kazi zilizokauka zitundikwe ukutani, kwa kuwa gundi ya unga huvutia mende na panya. Mabaki ya karatasi yakusanywe na watoto wenyewe na kutiwa katika chombo cha taka. Yasitupwe mtaroni, kwani mitaro iliyoziba ni mojawapo ya sababu zinazoyaleta maji ya mvua hadi mlangoni.