Msokoto Ndani ya Mtutu

Hapana shaka kila aliyepita katika shule hii aliwahi kucheza pia. Ikizungushwa kwa nguvu husimama wima juu ya ncha yake. Ikichoka huyumbayumba, kisha huanguka ubavu. Aliyelielewa jambo hilo amekwisha kuelewa nusu ya historia ya bunduki ya kuwindia, na nusu iliyobaki ni hesabu. Yafaa tuikumbuke historia hiyo, kwani ilitugusa sisi wenyewe kuliko wengi tunavyodhani.

Magobori yaliyoletwa na misafara ya pwani katika karne ya 19 yalikuwa na mitutu laini kwa ndani, nayo yalirusha vigololi vya madini ya risasi. Kigololi kilikuwa kidogo kuliko tundu la mtutu, hivyo kilitoka kikigongagonga kuta zake na kuzunguka ovyo. Mwingereza Benjamin Robins, aliyetoa kitabu chake cha elimu ya mizinga mwaka 1742, alieleza kwamba mzunguko huo wa ovyo ndio uliokipindisha kigololi hewani. Dawa yake ilikuwa imekwisha kupatikana: tangu karne ya 16 mafundi wa Ujerumani walikuwa wakichonga mifuo iliyojisokota ndani ya mtutu. Risasi ikishikwa na mifuo hiyo hutoka ikizunguka kama pia.

Swali likawa, msokoto uwe mkali kiasi gani? James Forsyth, afisa aliyewinda India, aliandika mwaka 1863 kwamba kigololi kinataka msokoto wa polepole. Kigololi hakina ncha wala kitako, hivyo mzunguko mdogo unakitosha. Msokoto ukiwa mkali na baruti ikiwa nyingi, madini yale laini huruka mifuo bila kuifuata. Risasi ndefu ni kinyume chake. Hewa huisukuma ncha na kutaka kuipindua, na kadiri risasi inavyozidi urefu ndivyo inavyohitaji kuzunguka kwa kasi zaidi. Fundi Joseph Whitworth wa Manchester alitengeneza bunduki ya risasi ndefu nyembamba, iliyozungusha risasi mara moja kwa kila inchi 20, ilhali Enfield ya jeshi ya mwaka 1853 ilizungusha mara moja kwa inchi 78. Katika majaribio ya mwaka 1857 ile ya Whitworth iliishinda Enfield kwa mbali katika kulenga shabaha.

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwalimu wa hesabu huko Woolwich, aliyaweka hayo katika kanuni moja. Zidisha upana wa risasi kwa upana wenyewe, kisha kwa 150, halafu gawanya kwa urefu wake. Risasi ya upana wa milimita 7 na urefu wa milimita 30 itadai mzunguko mmoja kwa milimita 245. Bunduki ya Mauser ya milimita 7 ilizungusha risasi yake mara moja kwa milimita 220, yaani zaidi kidogo ya lile lililohitajika. Risasi ikitoka kwa kasi ya mita 700 kwa sekunde, ilizunguka zaidi ya mara 3,000 katika sekunde hiyo.

Kwa mwindaji hili si jambo dogo. Msokoto ukipungua, risasi huyumba, hukosa shabaha au humpiga mnyama kwa ubavu. Mnyama hukimbia na jeraha, na aliyejeruhiwa ni hatari kwa atakayekutana naye kesho. Msokoto ukizidi mno, risasi yenye ganda jembamba huweza kupasuka hewani. Lakini nyama ni nzito kuliko hewa mara 800 hivi, wala hakuna msokoto unaoweza kuisimamisha risasi humo kama hewani. Kazi ya msokoto ni kuifikisha ikiwa imetanguliza ncha. Baada ya hapo umbo na ugumu wake ndivyo vinavyoamua. W. D. M. Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja, Uganda, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Mauser hiyo nyembamba. Alijua ubongo ulipo, na alitumia risasi ndefu ngumu zilizokwenda moja kwa moja.

Sasa tutazame upande wetu. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia silaha za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwafrika aliweza kuuziwa gumegume lisilo na mifuo, pamoja na baruti ya kawaida. Bunduki yenye mifuo ilihitaji ruhusa ya wakubwa. Hivyo mpaka kati ya mtawala na mtawaliwa ulichorwa ndani ya mtutu. Katika vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907, wazee wetu walikabili jeshi la Wajerumani kwa mikuki, mishale na magobori. Sisemi kwamba mifuo peke yake ndiyo iliyowashinda. Zilikuwapo bunduki za rashasha, na baadaye njaa iliyoletwa kwa kuchomwa mashamba. Lakini ushujaa haukuwapungukia. Walichonyimwa ni chombo kilicholingana na kazi.

Nanyi wadogo zetu mlioko madarasani, chukueni kalamu mrudie ile hesabu ya Greenhill. Ni kuzidisha na kugawanya tu, mambo mliyokwisha kufundishwa. Mkataba ule uliweza kuzuia bunduki bandarini, lakini hesabu haizuiliki bandarini. Basi msiipe kisogo.