Namna ya kukinga nyama dhidi ya bakteria kichinjioni

KABLA ya jua kuchomoza, magari yenye masanduku ya bati na pikipiki zilizofungwa makasha nyuma huwa vimekwisha kuondoka Dagoretti, magharibi mwa jiji la Nairobi, vikielekea Kawangware, Kangemi, Westlands na katikati ya jiji.

Sehemu kubwa ya nyama hiyo huuzwa siku iyo hiyo bila kupitia katika jokofu. Imepigwa muhuri wa mkaguzi, na wanunuzi wengi wakishauona muhuri huridhika. Ni vyema wajue muhuri huo unathibitisha nini, na ni yapi usiyoweza kuyathibitisha.

Kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Nyama, sura ya 356 ya sheria za Kenya, mnyama hukaguliwa akiwa hai, kisha nyama na viungo vyake vya ndani hukaguliwa baada ya kuchinjwa. Mkaguzi hutafuta dalili za kifua kikuu, tegu, minyoo ya ini, majipu na maradhi mengineyo. Mnyama anayeshukiwa kuwa na kimeta hachinjwi wala hapasuliwi kamwe, kwani damu yake ikipata hewa, bakteria hao hujigeuza kuwa mbegu sugu ziwezazo kukaa udongoni kwa miaka mingi.

Hata hivyo, jicho na kisu cha mkaguzi havina uwezo wa kubaini Salmonella wala Escherichia coli. Ng'ombe anayebeba aina hatari ya bakteria hii ya pili, ijulikanayo kama O157:H7, kwa kawaida haonyeshi ugonjwa wowote. Hula, hucheua na kunenepa kama wenzake. Binadamu akiimeza huweza kuhara damu, na kwa watoto wadogo sumu yake huweza kuharibu figo.

Mnamo 1993, hambaga zisizoiva vyema ziliwaua watoto 4 na kuwaugua watu zaidi ya 700 katika majimbo ya magharibi ya Marekani. Mwaka uliofuata serikali ya huko ilipiga marufuku nyama ya kusaga yenye bakteria hiyo, na 1996 ikavilazimisha vichinjio kufuata mfumo wa HACCP, ambao humtaka mwenye kichinjio atambue kila hatua ya kazi yenye hatari na kuidhibiti papo hapo badala ya kungoja nyama ikaguliwe mwishoni.

Jambo la kutia moyo ni kwamba minofu ya mnyama mwenye afya, kwa ndani, karibu haina bakteria. Uchafu hutoka nje yake, na hasa mahali pawili: ngozini na matumboni.

Ng'ombe aliyesafirishwa kwa lori kutoka Narok au Kajiado hufika akiwa na samadi iliyoganda mbavuni na miguuni. Apumzishwe, apewe maji bila chakula kwa saa kadhaa ili tumbo lipungue, na asafishwe akiwa bado hai. Wakati wa kuchuna, kisu kikishapasua ngozi kwa mara ya kwanza hakifai kuendelea kukata nyama. Ndiyo sababu mchunaji hodari huwa na visu viwili: kimoja mkononi, kingine ndani ya maji ya moto yenye nyuzijoto 82, na huvibadilisha mara kwa mara. Mkono ulioshika manyoya nao usiguse nyama kabla ya kuoshwa.

Kutoa matumbo ndiyo kazi ya hatari zaidi. Umio hufungwa ili chakula kisirudi, na mwisho wa utumbo mkubwa huzungushiwa kisu, ukavishwa mfuko na kufungwa kabla ya tumbo kupasuliwa. Utumbo ukitoboka, kinyesi humwagika juu ya nyama iliyokuwa safi dakika moja awali.

Hapa ndipo kosa kubwa hutendeka. Wengi huchukua ndoo ya maji au kitambaa na kupangusa. Maji huueneza uchafu hadi mahali usipokuwa, nacho kitambaa kimoja kikipangusa ng'ombe kumi huwagawia wote kilichokuwa kwa mmoja. Sehemu iliyochafuka hukatwa kwa kisu na kutupwa. Maji safi ya kunywa hufuata baadaye, yakitoka juu kuteremka chini, huku nyama ikining'inia kwenye kulabu. Nyama iliyolazwa sakafuni haiwezi kuitwa safi, hata sakafu ing'are vipi.

Baada ya hapo adui ni joto. Katika hali inayowafaa, bakteria wengi huongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Kwa hesabu hiyo, bakteria mmoja huzaa zaidi ya milioni mbili kwa muda wa saa saba, yaani kutoka alfajiri hadi adhuhuri. Umoja wa Ulaya hutaka nyama ipozwe hadi nyuzijoto 7 au chini yake. Kwa mwenye bucha ndogo Kangemi, jokofu na bili ya umeme ni gharama nzito, na kumlaumu pekee si haki. Katiba ya 2010 imeziachia kaunti usimamizi wa vichinjio vyake, na vyumba vya kupozea nyama ni sehemu ya jukumu hilo.

Jokofu lisipokuwepo, kuna yanayowezekana: kasha la kubebea lifunikwe na lioshwe kila siku, matumbo yasichanganywe na nyama, gogo la kukatia likwanguliwe na kukaushwa, na anayepokea pesa asishike nyama.

Mlaji naye ajue tofauti ya kipande na nyama ya kusaga. Katika kipande, bakteria huwa juu, na moto huwafikia upesi. Nyama ikisagwa, waliokuwa juu huingizwa katikati, hivyo sharti iive hadi ndani, kwa takriban nyuzijoto 71. Mutura pia ni vivyo hivyo, kwa kuwa nyama na damu hujazwa ndani ya utumbo. Ichemshwe hadi iive kabisa ndipo ipelekwe kwenye makaa, na ubao wa kuikatia usiwe ule uliopokea mbichi.