Disko na Urithi Wake

Jina disko limetoka mbali. Wafaransa walilitunga kwa mfano wa neno lao la maktaba, likawa na maana ya mahali pa kuwekea sahani za santuri. Lilipovuka bahari kwenda Marekani lilikuwa limekwisha kuwa jina la ukumbi wa kuchezea, na baadaye likawa jina la muziki wenyewe. Wengi hudhani kuwa disko lilikuwa jambo la kupita, mfano wa vazi la msimu mmoja. Yafaa tupime kama dhana hiyo ni ya haki.

Asili yake haikuwa katika majumba ya fahari. Mwezi wa Februari 1970, David Mancuso aliwaalika rafiki zake nyumbani kwake katika barabara ya Broadway, mjini New York. Pombe haikuuzwa. Walikuja Weusi, Weupe, watu wa asili ya Kilatini, na wanaume wapendao wanaume, ambao siku zile polisi waliweza kuwakamata kwa kucheza pamoja hadharani. Waliofungiwa milango mchana walifunguliwa usiku. Humo Mancuso aliipiga sahani ya Manu Dibango wa Kameruni, Soul Makossa, ya mwaka 1972, nayo ikaenea mji mzima. Basi Afrika haikuwa mgeni katika karamu ile. Ilikuwa miongoni mwa wapishi.

Kucheza usiku kucha kulitaka ufundi mpya. Wapiga santuri wakajifunza kuunganisha nyimbo kwa mashine mbili, mdundo usikatike. Tom Moulton akaleta matumizi ya sahani ya inchi 12, ambayo mifuo yake mipana iliipa besi nguvu na wimbo nafasi. Mwaka 1976 Ten Percent ya Double Exposure iliuzwa madukani kwa umbo hilo. Mavazi nayo yakafuata mwendo: vitambaa vyepesi, vyenye kumeremeta chini ya taa na kuuacha mwili huru.

Mwaka 1977 disko lilijulikana ulimwenguni kwa filamu ya Saturday Night Fever, na kwa ukumbi wa Studio 54, ambao mlangoni pake watu walichaguliwa kwa sura na mavazi. Hapo palikuwa na hasara isiyotajwa sana: karamu iliyoanza kwa kuwapokea waliokataliwa nayo ikajifunza kukataa.

Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua kreti la sahani za disko. Maelfu ya watu wakavamia uwanja, na mchezo wa pili wa besiboli haukuchezwa. Ikasemwa kuwa disko limekufa. Lakini katika mji ule ule, Frankie Knuckles alikuwa akipiga santuri katika ukumbi wa Warehouse, ambao huaminiwa kuwa ndio uliouzaa muziki wa hausi na jina lake.

Jina lilizikwa, desturi ikabaki. Hata leo mpiga santuri husimama mahali pa bendi, na mdundo hauachwi kukatika. Nchini Tanzania, sikukuu ya Idi ilipofika, watoto walivaa nguo mpya wakaenda disko toto. Baruti huvunja sahani. Haivunji haja ya watu kukutana. Ila kila afurahiaye urithi huu ana deni dogo: kuwakumbuka walioufungua mlango, na kutoufunga nyuma yake.