Mkwaruzo wa Ilimba, Mvumo wa Umeme

Wagogo walipenda sauti yenye mkwaruzo kabla gitaa la umeme halijafika Dodoma. Itazame ilimba yao: kasha la mbao, vibao vya chuma vinavyobonyezwa kwa dole gumba, na kwenye kasha matundu yaliyozibwa kwa utando mweupe wa kifuko cha mayai ya buibui. Chuma kikilia, utando nao unatetemeka na kukwaruza. Ukichanika, hutafutwa mwingine, maana ilimba isiyokwaruza haijakamilika.

Kazi yangu ni kufunga pedali, visanduku vya kukanyaga vya kubadili sauti, kwenye mbao za wapiga gitaa wa makanisani na wa bendi mjini hapa. Ndiyo maana siridhiki nikisikia kwamba mkwaruzo ulizaliwa Marekani mwaka 1962, ilipotoka Maestro Fuzz-Tone, pedali ya betri mbili za volti 1.5. Huo ni mkwaruzo wa umeme tu. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeipeleka ilimba duniani, alitoa albamu ya Assembly mwaka 2002 pamoja na Michael Brook wa Kanada, aliyebuni gitaa ambalo noti yake haikatiki. Kwangu mimi, katika albamu hiyo mkwaruzo wa kale na wa kisasa vinakaa meza moja.

Mvumo ni habari nyingine kabisa. Hakuna anayeutafuta. Umeme wetu wa volti 230 huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ukipenya kwenye waya wa gitaa, spika zinanguruma hata kabla wimbo haujaanza. Betri hazina ngurumo hiyo, lakini huisha katikati ya ibada. Bwawa la Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa, lilianza kuzalisha megawati 80 mwaka 1988. Umeme wa ukutani ulipozoeleka, wapigaji walihamia kwenye adapta, na ngurumo ikahamia nao.

Mara nyingi chanzo ni adapta moja yenye waya wa vichwa vingi. Pedali nyingi hutaka volti 9, hasi ikiwa katikati ya jeki, kwa hiyo vichwa vinaingia vizuri na mtu anadhani kazi imeisha. Lakini pedali zote sasa zinatumia waya mmoja wa ardhi. Pedali ya mwangwi ya kidijitali, inayokula umeme mwingi kuliko jirani zake, humwaga mluzi wake kwenye ardhi hiyo, na pedali ya mkwaruzo iliyo mbele inaukuza. Zipo pia pedali za mkwaruzo za transista za jerimani (germanium), kama Fuzz Face za mwanzo za London mwaka 1966, ambazo chanya ndiyo ardhi. Hizo ukizichomeka kwenye waya huohuo, chanya inakutana na hasi: shoti.

Dawa ni kisanduku cha umeme chenye matoleo yaliyotenganishwa, kila pedali na lake, na jumla ya miliampia ihesabiwe kabla ya kununua. Ni ghali, lakini ningeanza nacho kabla ya pedali ya tatu.

Vijana kadhaa wameanza kuniletea ilimba waipitishe kwenye ubao. Maiki ya kubandika huchukua mtikisiko wa mbao na kuuacha ule wa utando, kwa hiyo mimi huweka maiki ndogo mbele ya tundu, naipa umeme wake peke yake, kisha mwangwi unafuata. Pedali ya mkwaruzo naiondoa kabisa.