Shirika la Taifa la Bima na Fidia za Ajali Kampala

Bima ya ajali na dhima, yaani ile inayobeba fidia anayodaiwa mtu kisheria baada ya kumjeruhi mwenzake au kumharibia mali, ilifika Kampala wakati wa ukoloni mikononi mwa kampuni za kigeni na mawakala wao, na sehemu kubwa ya ada zilizokusanya ilivuka mipaka. Kwa hiyo Bunge la Uganda lilipopitisha mwaka 1964, miaka miwili tu baada ya uhuru, sheria ya kuunda Shirika la Taifa la Bima, linalojulikana hadi leo kama NIC, shabaha ilikuwa ya kisiasa kadiri ilivyokuwa ya kibiashara.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, na kwa pigo hilo wakaondoka wenye viwanda na maduka waliokuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa bima. Shirika la serikali likabaki na soko pana lisilo na ushindani wa maana, lakini soko lenyewe lilikuwa limedhoofika, na ukiritimba wa namna hiyo haukuwa neema. Adui mkubwa zaidi alikuwa mfumuko wa bei, kwa sababu madai ya dhima huchukua miaka mahakamani, na fidia iliyotosha siku ya ajali huweza kuwa si kitu siku ya hukumu. Mwaka 1987 serikali ilibadilisha sarafu kwa kuondoa sifuri mbili na kutoza asilimia 30 juu yake, hata aliyekuwa na shilingi 100,000 za zamani akabaki na 700 mpya.

Miaka miwili baadaye ilipitishwa sheria ya bima ya magari kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani yule asiyekuwa upande wowote wa mkataba, kama vile mtembea kwa miguu anayegongwa. Ni sheria hii, wala si hamasa ya wananchi, iliyoifanya bima ionekane kila siku barabarani kwa stika ya kioo cha mbele, na wamiliki wengi wa magari wameichukulia kama kodi nyingine tu.

Sheria ya Bima ya mwaka 1996 ilileta msimamizi wa sekta, ambaye baadaye akawa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, na mwaka 2005 serikali iliuza asilimia 60 ya NIC kwa kampuni ya IGI ya Nigeria. Hisa zilizosalia ziliuzwa kwa umma mwaka 2010 kupitia Soko la Hisa la Uganda. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2011 yalitaka bima ya maisha itengwe na bima za jumla, ambazo ndani yake ni moto, magari, ajali na dhima, ili akiba ya mwenye bima ya maisha isilipe hasara za barabarani. NIC nayo ikagawanyika, na shirika lililoundwa kuwa mali ya taifa likawa kundi la kampuni za wanahisa.

Kilichobaki nyuma ni kiwango cha fidia: sheria ya mwaka 1989 iliweka kikomo cha shilingi milioni moja kwa mtu mmoja aliyejeruhiwa au kufa, na kiwango hicho kimedumu kwa zaidi ya miaka 30 huku thamani ya shilingi ikiporomoka. Bunge ndilo lenye uwezo wa kukibadilisha.