Shaba ya Wazee: Habari za Vyombo vya Pwani na Namna ya Kuvitunza

Neno shaba tumelipata kwa Waarabu. Kwao asili yake ni shabah, nalo ni la ukoo mmoja na neno kushabihi, yaani kufanana. Kwa kuwa madini hayo ya manjano yafanana na dhahabu. Waswahili walipolipokea walilipanua: wakaita shaba madini ya manjano, na yale mekundu nayo wakayaita shaba, hata ikawa lazima kusema "shaba nyekundu" panapotakiwa kupambanua. Huko Kongo shaba ijulikanayo zaidi ni ile nyekundu ichimbwayo ardhini, na jimbo la Katanga liliitwa Shaba tangu mwaka 1971 hata 1997. Kupambanua huku kuna faida. Shaba nyekundu ni madini peke yake; ile ya manjano ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Asiyejua hayo hawezi kufahamu kwa nini birika la bibi yake limeota madoa mekundu baada ya kusuguliwa miaka mingi.

Mchanganyiko huo haukuwa rahisi kuupata. Zinki ikitiwa motoni hugeuka mvuke kabla shaba haijayeyuka, ikapotea hewani. Kwa hiyo mafundi wa zamani, tangu zama za Warumi, walitia vipande vya shaba nyekundu pamoja na mawe yenye zinki na makaa ndani ya chungu kilichofunikwa, ili mvuke uingie katika shaba papo hapo. Wahindi wa Zawar, katika nchi ya Rajasthan, walijua kuukusanya mvuke wa zinki na kuupoza zamani sana, kabla ya watu wa Ulaya. Huko Uingereza William Champion alipata hati ya uvumbuzi wa kazi hiyo mwaka 1738, na mwaka 1781 James Emerson akapata yake ya kufanya shaba ya manjano kwa kuchanganya zinki na shaba moja kwa moja. Katika karne iliyofuata shaba ilifanywa kwa wingi katika viwanda, na merikebu zikaileta pwani yetu.

Biashara hiyo ilikuwa kubwa. Seyyid Said alifanya mapatano na Marekani mwaka 1833, na wafanyabiashara wa huko wakaleta nguo za merikani pamoja na waya wa shaba. Richard Burton, aliyesafiri kwenda bara mwaka 1857, aliukuta waya huo ukiitwa masango, nao pamoja na nguo na ushanga ulikuwa fedha ya njiani. Huko bara mafundi waliugeuza kuwa vitindi na mapambo mengine. Mijini, shaba ilikaa nyumbani: sinia, birika, kinara, mdila wa kahawa, pete ya mlango na kitasa. Milango ya Unguja ikapigwa misumari mikubwa ya shaba yenye vichwa vilivyochongoka. Husemwa kwamba desturi hiyo ilitoka Bara Hindi, ambako misumari ya namna hiyo ilizuia tembo wasibomoe malango ya ngome. Unguja hapakuwa na tembo wa vita, basi ikabaki kuwa pambo na alama ya cheo cha mwenye nyumba. Na katika vitu vyote vya shaba vya pwani, kilicho maarufu ni siwa ya Lamu, pembe kuu iliyopulizwa katika harusi na sherehe za watu wenye daraja. Mwenzake, siwa ya Pate, ni ya pembe ya ndovu.

Tuangalie sasa jinsi wazee walivyovitunza vyombo hivi. Walisugua kwa ukwaju au ndimu, pengine wakitia chumvi. Au kwa majivu. Na wenye haraka walitumia mchanga. Njia hizo zina maana. Ukali wa ukwaju na ndimu huyeyusha utando mweusi ulio juu ya shaba, na majivu huondoa mafuta. Kwa sinia la kila siku, desturi hiyo ilifaa, mradi lisuuzwe sana na kukaushwa. Lakini kwa chombo cha kale ina hasara. Chumvi ikibaki katika nakshi huvuta unyevu na kuzaa kutu ya kijani. Ukali ukikaa mno hula zinki kwanza, ndipo shaba nyekundu hujitokeza. Na hayo ndiyo madoa tuliyoyataja. Mchanga nao huchukua sehemu ya chombo chenyewe, na kilichochukuliwa hakirudi.

Hapa pana jambo kubwa kuliko mng'ao. Chombo cha kale ni shahidi. Alama za nyundo hutuonyesha kwamba kilifuliwa kwa mkono. Mstari wa kalibu hutuonyesha kwamba kilimiminwa. Maandishi hututajia mwenyewe au mwaka. Kila asubuhi ya kusugua hufuta kidogo, hata herufi zikawa laini na shahidi akawa bubu. Wako wasafishaji wema waliofuta historia ya nyumba zao kwa juhudi, wakidhani wanaiheshimu. Rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba si uchafu. Ni ngozi yake ya uzee, nayo huikinga. Kutu ya kijani iliyo unga, inayorudi kila ikifutwa, hiyo ndiyo ugonjwa.

Kwa hiyo, mwenye chombo cha kale nyumbani, au vinara na taa za kanisani, na afuate utaratibu huu. Kwanza akijaribu kwa sumaku. Ikinata, chombo ni chuma kilichovikwa shaba nyembamba, na kukisugua ni kukivua nguo. Pili aangalie kama kina vanishi: vyombo vingi vya viwanda vya Ulaya vilipakwa lakiri ya wadudu wa Bara Hindi iliyoyeyushwa katika spiriti. Vanishi ikiwa nzima, kupangusa kwa kitambaa laini kwatosha. Tatu, apanguse vumbi kwa brashi laini, aoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, asuuze, kisha akaushe mara moja, hasa ndani ya nakshi. Vilivyopigiliwa mlangoni visimwagiwe maji, mti usije ukaoza. Kitambaa chenye unyevu kidogo chatosha. Nne, kama bado kuna weusi usiopendeza, achukue chaki, aiponde na kuichekecha isibaki chembe ngumu, aichanganye na spiriti kidogo pasipo vanishi, na kupaka taratibu kwa pamba. Mwisho apake nta ya nyuki nyembamba na kuifuta kwa kitambaa. Nta huzuia hewa ya chumvi ya pwani, na kazi ya kusugua haitarudi upesi.

Dawa za kung'arisha zenye amonia ziepukwe. Jeshi la Waingereza huko Bara Hindi liliona maganda ya risasi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yakipasuka yenyewe wakati wa masika. Baadaye wataalamu waligundua, na kueleza mwaka 1921, kwamba ni amonia itokayo katika samadi, pamoja na unyevu, iliyoingia katika shaba iliyokazwa kwa kufuliwa. Birika la kale lililofuliwa kwa nyundo lina mkazo ule ule.

Tena, chombo cha shaba kisicho na bati ndani kisiwekewe ndimu, siki wala maziwa yaliyochacha, maana shaba huingia katika chakula na kuumiza tumbo.

Mwezi wa Desemba mwaka 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Seyyid Barghash mwaka 1883, ilianguka. Jumba halianguki kila siku, lakini misumari hung'olewa na birika huuzwa kwa mizani kwa mnunuzi wa vyuma, na hapo hubaki uzito tu. Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mwalimu na awaombe wanafunzi wake waulize nyumbani, kila chombo cha shaba kilitoka wapi na nani alikileta, kisha waandike majibu kabla wazee hawajaondoka. Kitambaa laini huitunza shaba. Habari zake hutunzwa kwa kalamu.