Fulu na Maji Madogo ya Yala

Ukisoma historia ya uvuvi wa Ziwa Victoria, utadhani ziwa lile lilikuwa na samaki watatu tu. Kuna sura ya ngege, kuna sura ya mbuta, na siku hizi kuna sura ya omena kwa sababu omena ana pesa. Fulu hana sura. Anatajwa kwa mstari mmoja, ati alikuwepo, mbuta akamla, basi.

Fulu ni jina la Kijaluo la wale samaki wadogo ambao wataalamu huwaita haplokromini. Wengi ni wa urefu wa kidole, au wa kiganja kwa bahati. Wana miiba, hawana nyama ya kutosha kumshibisha mtu mzima kwa samaki mmoja. Kwa mvuvi wote walikuwa fulu. Kumbe ndani ya jina hilo moja mlikuwa na zaidi ya spishi 500, karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Wapo waliokwangua mwani kwenye mawe, wapo waliovunja konokono, wapo walioishi kwa kula vifaranga vya wenzao. Na mama fulu hulea mayai yake mdomoni, hatemi mpaka yaanguliwe.

Uvuvi wake ulikuwa wa pembeni. Wanaume wenye mitumbwi na nyavu waliwafuata samaki wakubwa majini mbele. Fulu alikuwa zaidi wa watoto na akina mama. Mtoto alihitaji kijiti, uzi, ndoana na mnyoo, kisha akae kando ya mafunjo au kwenye kidimbwi. Akina mama waliingia na vikapu kwenye maji ya magotini. Mvua ikinyesha na mito ya Yala, Nzoia na Nyando ikifurika, samaki walipanda na maji hadi mabondeni, na watu wakawategea. Mtoni palijengwa uzio wa miti na matete, Wajaluo wakauita kek, wenye nafasi za kuweka migono. Ningu ndiye aliyelengwa, lakini hata vijisamaki kama adel viliingia chunguni. Hakuna aliyevipima kwa ratili, kwa hiyo havikuingia kwenye vitabu vya serikali.

Vitabu vyenyewe vilianza na soko. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, na mwaka 1905 zikaletwa nyavu za kitani za kunasa samaki kwa mashavu. Sasa ngege angeweza kupandishwa gari la moshi na kuuzwa mbali. Haikuchukua muda mrefu ngege wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza aitwaye Michael Graham alitumwa kulichunguza ziwa. Alipendekeza nyavu zisiwe na matundu madogo ya chini ya inchi 5, ili ngege wachanga wapite. Pia alionya kwamba kuleta samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni hatari, na kusifanyike bila utafiti.

Onyo hilo halikushika. Kufikia miaka ya 1950, maafisa wa uvuvi walikuwa na hoja iliyoonekana safi kabisa: ziwa limejaa visamaki vya miiba visivyo na bei, na kwenye ripoti viliitwa takataka. Tukileta mbuta, atazila takataka hizo azigeuze kuwa minofu. Baadhi ya wanasayansi walipinga waziwazi. Hata hivyo mbuta aliingia ziwani upande wa Uganda katika miaka hiyo hiyo, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Tuiangalie hesabu hiyo vizuri. Samaki aliyeliwa nyumbani alihesabiwa sifuri, kwa sababu hakupita sokoni. Mtoto aliyerudi na fulu kumi kwenye unyasi hakuwa mvuvi. Mama aliyewakausha juani kwa ajili ya siku za njaa hakuwa mfanyabiashara. Yaani kabla mbuta hajaanza kula, karatasi ilikuwa imeshawafuta fulu.

Uchunguzi wa miaka ya 1969 hadi 1971 ulionyesha kwamba fulu walikuwa zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa samaki wa majini chini. Miaka kumi hivi baadaye mbuta walilipuka, na Ghuba ya Winam ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Wataalamu wanakadiria spishi 200 au zaidi zilipotea. Pesa zilikuja, hilo tusilikatae. Viwanda vikajengwa, minofu ikapaa hadi Ulaya. Wenyeji wa Kisumu wakabaki kununua mifupa na vichwa baada ya minofu kukatwa, wakaipa jina lisilohitaji maelezo: mgongo wazi.

Lakini si fulu wote walioangamia. Kule Siaya, nyuma ya mafunjo ya kinamasi cha Yala, kuna Ziwa Kanyaboli. Ni dogo, eneo lake ni kama kilomita 10 za mraba, na kina ni mita chache tu. Mafunjo yamelitenga na ziwa kubwa. Maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni haba, mbuta hawezi kuyavumilia na hakupita. Ndani yake wamo ngege wa asili waliokwisha karibu kote ziwani, na wamo fulu. Watafiti walipochunguza jeni zao wakakuta aina za urithi ambazo ziwa kubwa limezipoteza.

Sasa kinamasi chenyewe kimekuwa kikiandamwa tangu miaka ya 1960, ambapo takriban hekta 2,300 zilikaushwa kwa kilimo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaja kampuni ya Marekani kulima mpunga. Kila mara hoja ni ile ile: ardhi imekaa bure, haizalishi. Wanaovua humo, wanaokata mafunjo ya mikeka, wanaolima ukingoni maji yakishuka, wanahesabiwa sifuri kama walivyohesabiwa wala fulu.

Kilimo kina haja yake, watu lazima wale ugali. Ila mradi wowote unaogusa Yala uanze kwa kuhesabu kilichomo: samaki wa ndoana, kitoweo cha jioni, na mafunjo yaliyomzuia mbuta. Ziwa kubwa halikuhesabiwa hivyo. Na tukilikausha dogo, hakuna Kanyaboli nyingine ya kukimbilia.